Kepi nne kutoka koti la ndoa

Muntu akiniuliza nilifanya kazi gani pale Kamina, ninachoka mbele ya kujibu. Nikisema nilishikanisha mabehewa, anaelewa. Nikisema kisha nilifundisha bantu kutunza vitabu vya chuo kikuu, anatazama mkono wangu wa kushoto wenye vidole viwili, halafu ananitazama usoni, na ninaona anafikiri mzee ameanza kupotea. Hata minyi mwenyewe saa nyingine ninafikiri vile. Nilikaa darasani miaka miwili, kwa mapadri, na nusu ya mwaka wa pili nilikuwa shambani kwao ninapalilia mihogo. Lakini njo vile ilivyokuwa. Nitaieleza polepole, maana siku hizi upesi siuwezi.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya gare, stesheni ya treni. Unaingia katikati ya mabehewa mawili, unainua mnyororo, unakaza, unatoka, unapiga filimbi, treni inavuta. Siku moja nilipiga filimbi mbele ya kutoka. Sina wa kulaumu. Nilikuwa ninafikiria bukari, ugali wetu, na samaki, nakumbuka hata samaki wenyewe, walikuwa wa kukaushwa, mke wangu alikuwa amewaloweka toka asubuhi. Hospitali walikata walichokata. Niliporudi, bwana wa wafanyakazi, Mbelgiji mwenye sauti ya chini, alinitazama muda mrefu kama muntu anayetazama kiti kilichovunjika mguu.

Lazima nieleze habari ya nyumba, maana mambo yote yanatoka mule. Nyumba za kambi ya treni zilikuwa za kazi, si za muntu. Ukitoka kazini unatoka nyumbani. Wewe na watu wako bado mnahesabu siku za kuhama, na jirani mpya tayari amekuja kupima mahali atakapoweka kitanda chake. Yetu ilikuwa ya matofali, vyumba viwili, bati juu, na mke wangu alikuwa amepanda mipapai mitatu mbele na lengalenga, mchicha wetu, nyuma. Watoto watano walizaliwa mule. Kwetu ni Katoto, upande wa Bukama, mahali ambapo ukichimba shimo unakuta vyungu vya bantu wa zamani sana, na mama yangu alikuwa anasema, fukia, hivyo si vyetu. Shamba la baba, wadogo zangu walikuwa wameligawana. Kurudi kule na watoto watano na mkono mumoja kulikuwa ni kwenda kuombaomba kwa wadogo zangu, na wake zao wangenihesabia kila tonge.

Basi yule bwana wa sauti ya chini alinipatia kazi nyepesi. Kule Elisabethville walikuwa wamefungua chuo kikuu. Sisi Kamina hatukuwa na chuo kikuu, tulikuwa na gare, mchanga, na kumbikumbi wakati wa mvua. Lakini treni ilikuwepo, na maktaba ya chuo kile ilileta masanduku ya vitabu kwa treni, ili waalimu, wauguzi na makarani waliokuwa wanasoma kwa njia ya barua waazime. Walitupatia chumba pembeni ya depo ya mizigo. Kuta zake zilinuka samaki, maana zamani magunia ya samaki wa Lualaba yalikuwa yanasubiri treni mule. Nimesikia vitabu vya Kamina vilijulikana kule kusini kwa harufu.

Mwanamuke mumoja Mzungu wa maktaba ya chuo, tuliyemuita Mamuzeli, alikuja kutufundisha wiki mbili. Mufupi, viatu vya askari, kalamu imechomekwa ndani ya nywele. Aliongea Kiswahili cha Elisabethville, cha kuongea na mpishi, lakini alikisema bila kuona haya, na hilo nilimpendea. Alitufundisha kazi: kila kitabu kina namba mgongoni na kadi mfukoni. Muntu akiazima, kadi inabaki katika sanduku na jina lake, kitabu kinaondoka. Siku ya kuondoka alisimama mbele yetu.

"Minarudia kisha mvua kuisha," alisema. "Minataka kukuta bantu batatu banajua hii kazi muzuri. Na minataka kuona bitabu binatoka. Kama hakuna, masanduku yote inarudia ku treni."

Bwana wa wafanyakazi alikuwa amesimama mulangoni. Alingoja Mamuzeli apite, halafu aliniambia kwa ile sauti yake: "Kazi ingine ya mukono kama yako, sina. Hii chumba ikifungwa, unaniletea funguo ya nyumba."

Niliporudi nyumbani nilimueleza mke wangu. Alikuwa anakata majani ya papai. Alikwenda kumwagilia mipapai, na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ile ile.

Sasa, kufundisha. Minyi nilikuwa ninasoma kwa kidole, neno kwa neno. Wale vijana niliopatiwa walikuwa wamemaliza darasa la sita, walisoma kunipita. Lakini hawakujua kupanga. Unawapa vitabu kumi, wanapanga kwa urefu, kama askari. Au kwa rangi. Mumoja alipanga vyekundu vyote pamoja, akaita wenzake waje kutazama uzuri.

Njo pale nilipokumbuka depo. Nilichukua chokaa, nikaandika majina ya gare juu ya rafu. Namba mbili, vitabu vya dini, hapo Kamina. Namba tatu, sheria, Luputa. Namba tano, mimea na mawe na nyota, Kaniama. Namba sita, magonjwa na mashini, Bukama. Namba tisa, nchi na habari za kale, niliitia Kabongo, reli mpya kabisa wakati ule. "Kitabu ni mzigo," niliwaambia. "Hakuna mzigo mzuri wala mubaya, mukubwa wala mudogo. Iko tu mzigo wa Bukama na mzigo wa Luputa. Ukitia mzigo wa Bukama mu behewa la Luputa, kuna mama fulani atalia." Waliangua kicheko, lakini hawakukosea tena. Watoto wa kambi wote, hakuna asiyejua gare. Wiki tatu tu, na kijana alikuwa anapanga akiwa anaongea habari nyingine.

Na akishajua, anaondoka.

Hapa njo uchovu wenyewe. Base, kambi ya ndege za jeshi, ilikuwa inajengwa na kukua, ndege zinapita juu ya vichwa, na kule walitaka makarani kila siku. Karani wa Base anakuja kuazima kitabu, anaona kijana wangu anaandika kadi kwa mwandiko safi, anajua gazeti, riwaya na kitabu cha mashini, hachanganyi. Wiki inayofuata kijana haonekani. Wa kwanza alikuja kuniaga na kuku. Wa pili alituma mdogo wake. Wa tatu hakutuma muntu, nilimuona tu sokoni na saa mkononi. Wa nne alikwenda duka la Mgiriki. Wa tano na wa sita waliondoka siku moja, wamepanda baiskeli moja. Kila mara ninafuta chokaa, ninaandika upya: hapa Kamina, hapa Luputa. Nilikuwa ninasikia sauti yangu mwenyewe kama muntu anasema rozari na akili iko kwingine.

Mke wangu aliniambia jioni moja tukila: "Baba ya batoto, weye njo unafundisha bantu kukimbia. Ukimaliza na hiyo kazi, uje ufundishe na kuku zangu."

"Nifanye nini? Niwafunge kamba?"

"Siyue. Lakini mvua inaanza kuchoka."

Ilikuwa kweli. Mvua za Kamina zinapokaribia mwisho zinakuwa na hasira fupi, zinanyesha kama muntu anayemwaga maji ya kunawia. Nilihesabu kwa vidole, na vidole sina vingi.

Niliwaza: muntu wa treni anapenda nini? Malipo yetu hayakuwa yangu kuongeza. Chakula, kila muntu anakula kwake. Halafu niliwaza kepi, ile kofia ya wakubwa wa treni. Ninyi hamkuishi kambini, hamwezi kujua. Kule, muntu mwenye kepi anatembea tofauti. Shefu wa gare, shefu wa treni: akipita, mazungumzo yanashuka. Mke wake akienda kuteka maji anaachiwa nafasi. Minyi nilifanya kazi ya gare miaka mingi kichwa wazi, na mpaka leo nikiota gare, ndotoni ninatafuta kepi.

Nilikuwa na suti moja, ya ndoa. Nyeusi, nzito, nilioa nayo ndani ya kanisa, jasho lilitiririka mpaka padri akanipa leso. Nilichukua koti, suruali nikaiacha sandukuni, nikaenda kwa fundi wa cherehani wa site, mtaa ulio nje ya kambi.

"Muzee, hii koti iko nzima," alisema. "Unataka niipunguze?"

"Nataka kepi."

Aliweka sindano mdomoni, akaitoa. "Koti ya ndoa njo unakata kepi? Mama anajua?"

"Kata."

Zilitoka nne. Alizizungushia utepe wa manjano, na kwa mbele tulitia kipande cha ngozi ya kiatu, imepakwa rangi nyeusi. Mke wangu alipojua hakupiga kelele. Alisema tu: "Sawa. Siku mutoto wako anaolewa, utavaa kepi ku mwili."

Nitasema ukweli wote. Wafanyakazi walikuwa watatu. Kepi ya nne ilikuwa yangu.

Hao watatu wapya walikuwa hivi. Wa kwanza kijana mrefu kutoka Kasai, baba yake dereva wa treni, mwenye mwandiko mzuri kupita wote na majivuno yake pia. Wa pili mutoto wa mvuvi kutoka Malemba-Nkulu, mpole, aliyemjibu kila muntu "Eyo vidye", ndiyo bwana, hata aliyemtukana. Wa tatu alikuwa muntu muzima, katekista wa zamani aliyegombana na padri wake, sikuuliza juu ya nini. Niliwavisha kepi siku ya Jumatatu, mbele ya rafu. Yule wa Malemba aliishika kwa mikono miwili kama sahani iliyojaa.

Wakabaki! Wiki nne, wiki sita, wiki nane. Karani wa Base alikuja na maneno yake matamu, mrefu wa Kasai akamuuliza: "Kule munavalisha kepi?" Karani akasema hapana, kule ni kalamu tu. "Basi kwenda muzuri," mrefu akamjibu. Nilisikia, nikaenda nyuma ya rafu ya Kabongo nikacheka peke yangu. Walifika kazini mbele yangu. Walifagia. Jumapili, kisha misa, walipita mbele ya chumba na familia zao, wamevaa kepi, na chumba kimefungwa, kuonyesha tu. Rafu zilinyooka. Ungetia mkono popote gizani ukakuta kitabu unachotaka. Nilimwambia mke wangu, nyumba tunayo. Alisema, tutaona.

Ninachoka kueleza sehemu hii, kwa kuwa nilikuwepo kila siku na sikuona. Kepi inafanya kazi ya kepi. Wa Malemba alichora mstari wa chokaa sakafuni, kama ule wa pembeni ya reli, na muntu alipaswa kusimama nyuma yake mpaka aitwe. Katekista alitundika kipande cha reli nje, akakigonga saa ya kufungua na saa ya kufunga, na akikigonga cha kufunga, hata kama umebakiza mstari mumoja wa kunakili, unatoka. Mrefu wa Kasai alikaa mulangoni. Hakuuliza "Unatafuta nini?" Aliuliza "Kadi yako ya kuazima iko wapi?" na macho yake yalitazama mikono yako kama umebeba kitu cha wizi. Mwalimu mumoja alirudishwa mara mbili kwa sababu ya matope ya viatu. Na minyi, pale mezani, kepi kichwani, niliona utaratibu. Nilisema moyoni, sasa njo gare.

Halafu ikafika barua: Mamuzeli anakuja na treni ya Alhamisi. Ilikuwa Jumamosi. Nilifungua sanduku la kadi nipige hesabu ya vitabu vilivyo nje, nimuonyeshe. Zamani, na wale vijana wa kukimbia, sanduku lilikuwa linajaa mpaka mfuniko haufungi. Nilikuta kadi saba. Nilizitoa, nikazirudisha, nikazitoa tena. Tatu zilikuwa za sisi wenyewe.

Mkono wangu ulikuwa unaniuma siku zile za mvua za mwisho, nikaenda dispansari. Muuguzi wa pale alikuwa msomaji wetu wa kwanza kabisa, alikuwa anajiandaa kwa mtihani, zamani alichukua vitabu viwili kila wiki vya rafu ya Bukama. Alipokuwa anafunga bandeji nilimuuliza kwa nini haji tena.

"Shefu, nikuje wapi?"

"Kule kwetu, ku bitabu."

"Ah! Iko mungali na bitabu?" Aliita mwenzake wa dawa: "Sikia huyu muzee! Anasema mule muko bitabu. Minyi nilizani banageuza buloko, nyumba ya kufungia bantu." Yule wa dawa alicheka mpaka akaketi. Muuguzi alikaza fundo, akashusha sauti. "Usinikasirikie, tata. Muntu wa kepi, toka nizaliwe, ni wa kunishusha treni. Alimushusha mama yangu na magunia yake ya samaki mvua ikinyesha, juu ya nini, siyue mpaka leo. Sasa niende kumuomba kitabu? Nitasoma usiku na roho inapigapiga kwamba kimepata doa?"

Nilirudi chumbani. Jumatatu asubuhi niliwaambia wale watatu: "Tuvue kepi. Kuanzia leo."

Katekista ndiye alisema kwanza. "Tulikosa nini?"

"Hakuna. Bantu banaogopa."

"Banaogopa njo heshima," alisema mrefu. "Muzee, unisikie muzuri. Baba yangu analazimika kunipisha kwa mulango sasa. Ukitoa hii kepi, minyi natoka nayo pamoja. Base iko pale."

"Na weye?" nilimuuliza wa Malemba.

Alitazama chini. "Eyo vidye," alisema, na hakuivua.

Basi niliketi. Nikivua kepi, hakuna wafanyakazi watatu, chumba kinafungwa. Nikiacha kepi, hakuna wasomaji, chumba kinafungwa. Kila njia inafika kwenye ule mulango wangu na ule ufunguo. Nilikwenda nyumbani saa ya mchana, jambo ambalo sikuwa ninafanya, nikamueleza mke wangu nikiwa nimesimama. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Aliendelea kutwanga mpaka mwisho wa maneno yangu.

"Weye unasahau beseni yangu?" aliuliza.

"Beseni gani?"

"Beseni, baba! Ile nilisahau mu treni ya Bukama. Shefu wa treni mwenyewe aliileta. Na kepi yake, mpaka hapa mulangoni, beseni ku mukono. Kambi yote ilitoka kuangalia. Nilimupatia kiti na munkoyo ya kunywa. Bibi wa jirani mpaka leo ananiuliza, ile siku ulimufanyia nini." Akaweka mchi chini. "Kepi ikikaa ku mulango yake, minyi naogopa. Kepi ikikuja ku mulango yangu na muzigo yangu, minaipatia kiti. Sasa unasimama nini? Sombe iko inaungua jua."

Nilirudi mbio, minyi muntu wa umri ule. Niliazima kigari cha mizigo cha depo, kile cha magurudumu ya chuma, nikaweka ubao juu, nikawaambia watatu: "Kepi mnabaki nazo. Lakini shefu wa treni hakai gare. Anasafiri na mizigo."

"Minyi nisukume kigari?" mrefu alisema. "Na kepi?"

"Weye hausukumi. Weye unaandika majina. Katekista anasukuma."

"Juu ya nini katekista?" aliuliza katekista.

"Umezoea kutembelea vijiji."

Hilo alilikubali. Wa Malemba alibeba kile kipande cha reli na nyundo, kugonga. Walipakia kwa gare, kama nilivyowafundisha: Bukama mbele kwa ajili ya dispansari, Luputa kwa ajili ya makarani, Kaniama kwa ajili ya shule. Niliwatazama wakipita kando ya reli, kepi tatu nyeusi na kigari kinapiga kelele kama meno ya chuma. Watoto waliwafuata wakiimba upuuzi. Niliona aibu, siwadanganyi. Niliona aibu na nilikuwa nimechoka sana, nikarudi ndani nikafuta ule mstari wa chokaa kwa mguu. Haukufutika vizuri.

Jioni walirudi na kigari chepesi. Wa Malemba, ambaye sikuwahi kumsikia anasema maneno kumi, alisema yote kwa mara moja. Mwalimu wa matope alikuwa ametoka darasani na kuwasimamisha wanafunzi wote, "Muone, chuo kikuu kimenifuata mpaka hapa." Mke wa karani aliwapa viti. Muuguzi, huyo njo alicheka, alimuuliza mrefu, "Bwana Shefu, unanishusha ama unanipandisha?" na mrefu, aibu ikamkaba, akamchagulia kitabu mwenyewe, kizuri kuliko kile alichoomba. Jumanne walikwenda tena. Jumatano mpaka karakana ya mashini, na mafuta yale yote, na hakuna aliyesema neno juu ya mikono ya muntu.

Alhamisi treni ilichelewa, halafu ikaja yote kwa mara moja, na Mamuzeli akaingia chumbani wakati wale watatu wako nje. Alinikuta peke yangu, rafu zina mapengo kama mdomo wangu wa leo, na mstari nusu wa chokaa sakafuni.

"Bantu batatu iko wapi?" aliuliza. "Na bitabu?"

Moyoni niliona mipapai yetu. Nilimsukumia sanduku la kadi tu. Alitoa kalamu kichwani, akaanza kuzipitia, moja, moja, na mimi ninasikiliza nje. Mwishowe nilisikia yale magurudumu.

Aliwajaribu siku mbili. Aliwapa vitabu ambavyo hawakuviona kamwe. Alimpa wa Malemba kimoja cha magonjwa ya macho, akamuuliza kinakwenda wapi, na kijana akajibu bila kupepesa: "Bukama, Mamuzeli." Alinigeukia. Nilimueleza habari ya gare, nikiwa ninatazama miguu yangu. Alicheka, mara ya kwanza nilimuona anacheka, akaandika katika daftari lake. Juu ya kepi hakuuliza kitu. Nafikiri alidhani ni za kampuni.

Chumba kilibaki. Bwana wa wafanyakazi aliniambia kwa ile sauti yake kwamba funguo nikae nayo. Halafu Mamuzeli akasema, akikunja karatasi, kwamba maktaba ya chuo kule kusini ina kazi nyingi na haina mikono, na anawachukua wawili, mrefu na wa Malemba. Wataondoka naye Jumamosi.

Sijui nilipata wapi ujasiri. "Na minyi?" niliuliza.

Alinitazama vizuri, si mkono, uso. "Weye ulisoma myaka ngapi?"

"Mbili."

Alirudisha kalamu kichwani. "Kule banaomba karatasi ya darasa ya sita," alisema. "Minyi sina nguvu ya kuigeuza. Lakini unafundisha muzuri. Minaomba bakupatie bengine, unanifundishia."

Jumamosi walipanda na kepi zao kichwani. Wa Malemba alinishika mkono, ule mbaya, hakuna aliyekuwa anaushika ule. Katekista alikaa siku kumi zaidi. Halafu Base ilimuhitaji, akaenda, na kepi yake pia. Ninasikia alikuwa anaivaa kule bila amri ya muntu.

Nyumbani siku ile ya treni mke wangu alikuwa mulangoni. "Tunabakia?" aliuliza.

"Tunabakia."

Alikwenda nyuma kuchuma lengalenga. Nilimsikia anaimba kidogo, halafu akaacha, kama muntu aliyekumbuka kitu.

Katekista alipokwisha kuondoka, waliniletea watatu wapya, darasa la sita, viatu safi. Nilichukua chokaa. Hapa Kamina, niliwaambia, hapa Luputa. Mumoja aliinua mkono kama shuleni. "Tata, kepi zetu ziko wapi? Walituambia iko kepi." Nilivua yangu, nikampa ile, maana ilikuwa moja tu iliyobaki. Wale wawili wengine walimtazama yeye, kisha wakanitazama mimi, na niliwajua tayari, niliona na baiskeli watakayoondoka nayo.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa amekwisha kusikia, kambini habari inafika mbele ya muntu. Alikuwa ameketi, sanduku wazi mbele yake, na juu ya magoti ameweka suruali ya ndoa, ameikunja vizuri. Alininyooshea bila kuinua macho.

"Kwenda upesi," alisema. "Fundi anafunga saa kumi na mbili."

Niliitia kwapani, nikaenda.